Mpe jongoo kwanza, penseli baadaye

Ukiingia kwenye madarasa mengi ya awali hapa Tanga utakuta rundo la fotokopi za picha za kupaka rangi. Tufaha, dubu, nyumba yenye bomba la moshi, mtu wa theluji. Nje maembe yanadondoka na kenge anakatiza uwanjani, huku mtoto akiwa ndani anajaza rangi nyekundu kwenye tunda ambalo hajawahi kuliona mtini. Sina ugomvi na tufaha. Tatizo ni kwamba fotokopi imeshamaliza kazi yote ya maana: mtu mzima ameshatazama, ameshachora, ameshaamua mstari upite wapi, na mtoto amebakiziwa kibarua cha kujaza rangi asivuke ukingo.

Nafundisha walimu wa awali, na asubuhi nashika darasa la watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Msimamo wangu, ambao najua hauwafurahishi wote, ni kwamba mtoto wa umri huo hachori ili apate picha. Anachora ili atazame. Jicho lake halitulii mpaka mkono uwe na shughuli. Kwa hiyo somo la sanaa na somo la mazingira kwangu ni somo moja, na linaanzia kwenye kitu chenyewe: kimoja tu, kilichotoka nje, chenye muda wa kutosha.

Wakati wa masika hakuna kitu kizuri zaidi ya jongoo. Yupo kila mahali, hana mbio na hang'ati. Mweke kwenye sinia lenye udongo mbichi na majani yaliyoanza kuoza, uwakalishe watoto watano au sita kulizunguka. Mwanzoni ni makelele, na kuna atakayegonga sinia. Jongoo anajikunja.

"Mwalimu, kafa?"

"Subirini."

Wanasubiri. Dakika mbili za ukimya kwa watoto wa miaka minne, na sijamnyamazisha mtu. Wamejigundulia wenyewe kwamba wakigonga, anafunga. Kisha vinatoka vipapasio viwili, kichwa, na miguu inaanza kwenda, wimbi likitoka nyuma kuelekea mbele kama upepo unapopita juu ya mpunga.

Hapo ndipo ninapotoa mkaa na vipande vya boksi. Picha ya kwanza huwa mstari mrefu wenye vijiti chungu nzima. Usiseme "vizuri sana", useme tu unachokiona: "Naona miguu mingi huku nyuma." Kuna mtoto ambaye aliposikia hivyo alirudi kwenye sinia, pua karibu iguse udongo, akarudi kwenye boksi lake, kisha akanitangazia kwamba hapa mbele hana mingi. Nilimwacha aendelee, kwa sababu yuko sahihi kabisa. Pingili ya kwanza nyuma ya kichwa cha jongoo haina mguu, tatu zinazofuata zina jozi moja moja, na ndipo jozi mbili mbili zinapoanza. Watu wazima wengi waliokanyaga jongoo maisha yao yote hawalijui hilo.

Tahadhari zake ni chache. Jongoo akishikwa hutoa majimaji yanayotia doa kwenye ngozi na kuwasha macho, kwa hiyo mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kitu kingine chochote. Wafundishe mapema kumtofautisha na tandu: tandu ni bapa, ana kasi, miguu yake imetokeza pembeni, jozi moja kwa kila pingili, na anauma vibaya. Na jongoo arudishwe alikookotwa. Anayemrudisha ni mtoto, si mlinzi.

Sasa rangi. Naulizwa sana rangi za maji zinapatikana duka gani, na jibu langu huwa ni jikoni. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo mtaani. Rangi ya baiskeli usimpe mtoto, ila mantiki yake ichukue.

Manjano ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kijiko kimoja cha unga wa manjano kwenye kikombe cha maji ya moto, acha kipoe, chuja kwa kitambaa. Watoto wapake karatasi nyeupe yote, iachwe ikauke. Halafu wape kijiti chenye pamba kilichochovywa kwenye povu la sabuni ya kipande, wachore juu yake. Mstari unatoka mwekundu! Kila mama aliyewahi kufua kanzu yenye doa la mchuzi anajua jambo hili, lakini mtoto anaona mwujiza, na mwujiza huo una maelezo: manjano hubadilika rangi inapokutana na kitu chenye tabia ya magadi, na sabuni ina tabia hiyo. Dondosha limao pale palipokuwa pekundu, panarudi njano. Usiwahi kuyasema hayo kabla hawajajaribu. Wengi wataanza wenyewe kutafuta nini kingine kinageuza. Watajaribu mate, chumvi, maji ya bomba, chaki. Waache. Chumvi haigeuzi, na mtoto kukuta kwamba haigeuzi ni ujuzi sawasawa na kukuta kwamba sabuni inageuza.

Rozela iliyokaushwa nayo inafanya kituko chake. Ichemshe upate maji mekundu, gawa kwenye vikombe viwili, kimoja kamulia limao na kingine tia chembe ya magadi. Cha limao kinang'aa zaidi, cha magadi kinaelekea kwenye bluu au kijani chafu. Magadi atie mwalimu.

Kuna jambo moja zaidi la manjano, nalo linahitaji subira. Rangi yake haistahimili jua. Chukua karatasi iliyopakwa manjano ikakauka, weka juu yake jani lenye umbo bayana, la mpapai au la muhogo, likandamize kwa kioo au kwa vijiwe pembezoni, uiache kwenye jua kali kwa siku moja hadi mbili. Pembeni panapauka, chini ya jani panabaki njano. Mwingereza John Herschel aliandika kuhusu picha za namna hiyo zinazotokana na utomvu wa mimea mwaka 1842, kwa hiyo watoto wetu wako kwenye ukoo mzuri. Lakini kinachonivutia mimi ni kile kinachotokea siku ya pili, mtoto anapoanza kuzunguka uwanja akitafuta jani jingine na kulikataa kwa sababu "hili halina vidole". Hapo ameshaanza kupanga mimea kwa maumbo ya majani. Sikumfundisha.

Brashi? Ncha ya kijiti cha mswaki ukiiponda inatosha kabisa. Kwa mistari minene funga makumbi ya nazi kwenye kijiti.

Udongo ndio wenye upinzani mkubwa kutoka kwa wazazi, na ndio ambao siko tayari kuuacha. Huku pwani udongo wetu mwingi una mchanga na hauumbiki. Tafuta udongo wa kichuguu. Utwange, uchekeche, uloweke usiku kucha, kesho uukande. Kipimo chake ni hiki: viringisha kamba nene kama kidole, uizungushe kidoleni. Ikipasuka, mchanga ni mwingi. Ikikunjika bila kupasuka, umepata. Wakati wa kuuhifadhi, ufunge kwenye kitambaa kilicholowa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Wengine hutumia unga wa ngano, vikombe viwili kwa kimoja cha chumvi na kimoja cha maji, na unaumbika vizuri tu, lakini mimi siwezi kuchezesha unga mbele ya mtoto ambaye huenda hajanywa uji.

Wazazi wanauliza: mwanangu anachezea matope, lini ataandika a, e, i, o, u? Swali ni la haki, maana ndugu zake wa jirani wana madaftari yamejaa alama za vema. Jibu langu ni la mikono. Watoto wengi huweza kuiga duara wakiwa na miaka kama mitatu, msalaba wakiwa minne, mraba wakikaribia mitano, na pembetatu baada ya hapo. Herufi "a" ni duara lenye kijiti kilichogusa mahali pake. Mtoto ambaye duara lake bado halifungi, ukimshikia mkono ajaze ukurasa mzima wa "a", utapata ukurasa na utapata mtoto anayeichukia penseli. Udongo unaobinywa, unaokunjwa, unaobanwa kwa dole gumba na viwili vinavyofuata, unajenga misuli ileile itakayoshika penseli. Na hao wenye miaka mitatu au minne wanaochora kichwa kikubwa chenye miguu inayotoka kidevuni, hawana tatizo lolote. Ndivyo watu wanavyochorwa katika umri huo. Usimwongezee tumbo.

Kwa mzazi asiyeridhika kuna njia ya amani: mtoto akimaliza kuchora, muulize habari ya picha yake, uandike chini maneno yake kama alivyoyasema. "Jongoo kajikunja sababu Hamisi kagonga." Mzazi akija kumchukua, msomee mbele ya mtoto. Hapo kusoma na kuandika vimo, na mtoto ameona maneno yake yakiwa kwenye karatasi.

Chapa nazipitia haraka kwa kuwa wengi mnazijua: bamia iliyokatwa kwa upana hutoa nyota, mara nyingi ya pembe tano, kitunguu hutoa duara ndani ya duara, na bua la jani la mgomba hutoa vyumba vyumba. Mgomba una utomvu usiotoka kwenye nguo, kwa hiyo wavae mashati ya zamani ya baba zao.

Mwenye darasa la watoto sitini atasema haya ni ya shule za kulipia. Siyo. Ila usijaribu kuwafanyisha wote kwa wakati mmoja. Tumia kona za kujifunzia: kikundi kimoja kwenye sinia, kingine kinachora ardhini kwa vijiti, kingine kinapanga mawe na mbegu kubwa, waliobaki wanaimba na msaidizi au na mzazi aliyejitolea. Kila kikundi kifike kwenye sinia mara moja kwa wiki. Inatosha.

Kabla ya kuwatoa nje, zunguka uwanja peke yako. Mnyaa uliopandwa kama ua wa uzio una maziwa yanayoweza kuunguza macho. Mbegu za nyonyo ni sumu, na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu huzitunga shanga ni sumu zaidi zikitafunwa. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayobabua ngozi. Upupu kila mtu anaujua, lakini watoto hawaujui. Punje ndogo kama maharage na choroko usiwape wa miaka mitatu, kwa sababu zitaishia puani. Mti wenye nyigu uwekee kamba, na uwaonyeshe watoto kwa nini kamba ipo. Wao ndio watakaowakumbusha wageni.