Wiki moja Moshi hadi Arusha: panga kwa saa ya wingu

Wengi wanaokuja kutembea Moshi kwa wiki moja hupanga ratiba kwa kuangalia ramani: kilicho karibu kwanza, cha mbali baadaye. Matokeo yake wanafika mahali pa kuuona mlima saa tano asubuhi na kukuta ukungu mtupu. Huku kwetu ratiba hupangwa kwa saa ya wingu.

Usiku hewa ya mlimani hupoa na kutulia, ndiyo maana alfajiri Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana hadi mistari ya barafu yake. Jua likishapanda, mteremko hupata joto; hewa yenye unyevu wa msituni inapaa, inapoa, inageuka wingu. Ikifika saa nne mara nyingi mlima umeshajifunika, na ukifunguka tena ni jua likikaribia kuzama. Kwa hiyo milima ni alfajiri na ngome za kale, kama mahandaki ya Wachagga, ni mchana, maana handaki halihitaji anga safi. Miezi ninayopendekeza ni Januari na Februari. Masika huharibu barabara za vumbi, na kati ya Juni na Agosti wingu la chini linaweza kuifunika Moshi mjini asubuhi nzima.

Siku mbili za kwanza zipe Marangu. Ya kwanza, panda hadi kambi ya Mandara na kurudi: kama kilomita 8 kwenda, mwendo wa saa tatu hadi nne, hadi mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Uwe getini saa mbili kamili. Anayeanza saa tano hunyeshewa msituni akiwa anashuka, na njia ya udongo mwekundu ikilowa huteleza kama sabuni. Beba maji lita tatu, koti la mvua na viatu vyenye meno. Pembeni mwa njia, penye unyevu, tafuta ua dogo jekundu lenye njano, limejikunja kama mkonga wa tembo: ni Impatiens kilimanjari, halioti porini popote duniani isipokuwa mlima huu. Ukifika Mandara usikae tu kula. Ongeza robo saa hadi kreta (shimo la volkano) ya Maundi. Wengi huiacha, na ndipo msitu unapokwisha na macho kufunguka. Kichwa kikianza kugonga, shuka, usibishane nacho.

Siku ya pili, mchana, ingia kwenye mahandaki ya Wachagga. Ngome za kwetu zilichimbwa chini. Mlango ni mwembamba: mtu anaingia mmoja mmoja, ameinama, kichwa mbele, na mlinzi alikuwa akimsubiri ndani na rungu. Waongozaji wa pale wanaeleza kuwa udongo uliochimbwa ulimwagwa mtoni ili adui asione kifusi. Vaa nguo isiyokuuma ikichafuka, na chukua tochi yako.

Siku ya tatu ni Chala, upande wa Rombo, mpakani na Kenya. Ziwa hili ndilo ninalolipangia saa sita mchana: limezama ndani ya kreta, na asubuhi nusu yake iko kivulini. Jua likisimama utosini maji yanageuka buluu ya kijani. Maji yake mengi huja chini kwa chini kutoka Kilimanjaro. Usiogelee, mwaka 2002 mamba aliua mtu humo.

Ya nne ni Old Moshi, nusu siku inatosha. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi (mtawala wa Wachagga) Meli na wenzake 18, tarehe 2 Machi 1900. Nenda na mwenyeji, ongea kwa sauti ya chini: ukoo wake umekitafuta kichwa chake kwa miaka mingi, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani.

Kisha hamia Arusha, kama kilomita 80. Siku ya tano ni Boma la Wajerumani, mwisho wa Barabara ya Boma, lililojengwa kwa kuwashurutisha wenyeji. Leo ni makumbusho. Saa mbili zinatosha.

Siku ya sita amka mapema uingie Hifadhi ya Arusha kupitia Usa River. Ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka zamani, na maziwa ya Momella yalijaa kwenye mashimo ya kifusi kile. Simama ziwani asubuhi ugeuke magharibi: jua linaingia moja kwa moja ndani ya mlima uliopasuka. Kila ziwa lina madini yake, hivyo mwani wake na rangi yake ni tofauti. Heroe huhama wakifuata chakula. Anayekuahidi kuwa utawakuta anabahatisha. Kutembea kwa miguu lazima uwe na askari mwenye bunduki, basi mwombe mapema. Kitambulisho usisahau, bila hicho unatozwa bei ya mgeni, na malipo ni kwa kadi au kumbukumbu namba, si fedha mkononi.

Ya saba ni Duluti, Tengeru. Zunguka ziwa taratibu kabla ya saa tatu, ndege wakiwa bado wanalia.