Sungura hasusi: majibu kwa waliomchukua sungura wa manyoya marefu aliyetelekezwa

Mtumishi akihamishwa kutoka Tabora hubeba kochi, friji na king'amuzi. Sungura humwachia jirani. Mimi ni afisa mifugo hapa mjini, na hao majirani ndio huja kwangu na boksi la tambi mkononi, mara nyingi wakiwa wamechelewa. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Huyu wa manyoya marefu ni sungura gani?

Wengi wana damu ya Angora, aina iliyobeba jina la zamani la mji wa Ankara, Uturuki. Manyoya yake hukua kama sentimita 2 hadi 3 kwa mwezi. Asipochanwa miezi michache, yanasokotana mpaka anakuwa kama godoro la sufi lenye masikio.

Nimemchukua juzi. Hali, kajikunyata kwenye kona. Nadhani amesusa, anamkumbuka mwenye naye. Nimpe siku ngapi azoee?

Usimpe hata moja. Sungura hasusi. Mtoto hususa, mume hususa, sungura hasusi. Tumbo lake limeumbwa lifanye kazi mchana na usiku, na kinacholisukuma ni nyasi zinazoingia mdomoni. Asipokula, utumbo unapunguza mwendo, chakula kinakauka ndani, gesi inajaa, maumivu yanamzidi, na kwa sababu ya maumivu anazidi kukataa kula. Kutapika hawezi, hana uwezo huo kabisa. Saa 12 bila kula wala kunya tayari ni dharura. Akifikisha siku nzima anaweza kufa.

Ugeni unamtia hofu, ni kweli, na hofu nayo huzuia kula. Lakini utumbo ukishasimama haujali ulisimamishwa na nini. Angalia kinyesi: kiwe gololi nyingi, kubwa, kavu. Zikiwa ndogo kuliko kawaida, au zimeungana kwa nywele kama shanga, usingoje zikatike kabisa.

Lakini wa jirani yangu alikaa siku mbili bila kula, akapona.

Alibahatika. Mimi nililetewa mmoja siku ya tatu, kwenye boksi, amefunikwa kanga. Mama aliyemleta alisema, "Alikuwa amenuna tu, afisa." Nilipomgeuza, meno ya mbele yalikuwa yamepinda na kuingia kwenye ufizi wa juu. Katikati ya mapaja manyoya yalikuwa yameganda na kinyesi, na chini yake kulikuwa na funza wa nzi. Alikufia mezani kwangu kabla sijamaliza kuvaa glavu. Hakuwa amenuna. Tafadhali, neno hilo tuliache.

Anang'ata na kunguruma nikimshika. Mwanangu anasema tumpige kandambili apate adabu.

Hiyo kandambili ivaeni miguuni. Sungura anayeng'ata huwa anaumwa au anaogopa, na huyu wenu pengine yote mawili. Manyoya yaliyosokotana huvuta ngozi kila anaporuka. Ukimgusa hapo ni kama mtu anakuvuta nywele. Meno yake hayaachi kukua maisha yote, na aliyelelewa kwa ugali na mkate hana cha kuyasagia. Tibuni maumivu kwanza, kisha zungumzieni tabia.

Mpeni boksi lenye matundu mawili ajifiche. Kaeni chini sakafuni, ubavuni kwake, mkiwa na majani, mwacheni aje mwenyewe. Msimpelekee mkono mbele ya pua, maana hapo haoni vizuri. Akipiga mguu chini, anawaonya. Dume wa miezi minne na kuendelea anayepanda kila kitu na kurusha mkojo ni suala la balehe. Muulizeni daktari wa mifugo kuhusu kumhasi.

Na msimbebe kwa masikio! Nimelisema hili sokoni mpaka nimechoka. Akitupa miguu ya nyuma bila kuegemezwa anaweza kuvunjika mgongo. Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio.

Nimuogeshe ili manyoya yalainike?

Hapana. Maji hukaza vifundo, na sungura aliyelowa hupata baridi na mshtuko. Mkasi pia hapana: ngozi yake ni nyembamba, huvutika pamoja na kifundo, unakata ukidhani ni nywele. Tanguliza kitana kati ya ngozi na kifundo, au tumia mashine ya kinyozi iliyosafishwa, dakika chache kwa siku, ukikagua isipate moto. Anza nyuma, chini ya mkia, maana nzi huanzia huko. Vifundo vikiwa mwili mzima, mlete. Kumnyoa kunamsaidia pia kwenye joto letu la Oktoba chini ya bati, joto ambalo humuua haraka.

Nimempa kidonge cha amoksilini nilichobakiza nyumbani.

Kiache sasa hivi. Amoksilini na ampisilini za kumeza huua bakteria wazuri wa tumbo la sungura, wabaya wakachukua nafasi, naye akafa kwa kuhara. Pia usimmiminie mafuta, soda wala maziwa kwa bomba la sindano, huingia mapafuni. Na tumbo likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, usimlazimishe kula chochote kabla hajapimwa.

Ale nini?

Nyasi. Mbichi na kavu, zisikosekane saa yoyote. Matembele na majani mengine kidogo juu yake, pumba kidogo sana. Majani ya nyanya na parachichi hapana. Ukimwona anainama na kula kinyesi laini kutoka mkunduni, mwache, ndivyo alivyoumbwa. Aliyefungwa na vifundo hapo nyuma hawezi kukifikia.

Amemng'ata mtoto.

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha zahanati, mkaulize sindano ya pepopunda. Mtoto akianza kuwashwa mikononi na sungura ana magamba masikioni, tibuni wote wawili.

Ni Jumapili usiku. Nimegundua hajagusa chakula tangu asubuhi. Nisubiri ofisi ifunguliwe?

Usisubiri. Nipigie, au mpigie afisa mifugo wa kata yako; kama huna namba yake, mwenyekiti wa mtaa atakutafutia. Mfunike kitambaa kama usiku ni wa baridi, muwekee nyasi mbichi na maji kwenye bakuli zito, panda bodaboda uje. Na zile gololi za mwisho alizokunya, zifunge kwenye karatasi uje nazo. Nitaziulizia mlangoni.