Chapati sikio la kushoto, chai la kulia

Ukisema hapa Arusha kwamba kazi yako ni kutengeneza mapambo ya kuvaa, swali la kwanza ni tanzanaiti. Si ajabu. Mererani si mbali, jiwe lenyewe liligunduliwa huko mwaka 1967 na halichimbwi kwingine duniani, na madalali wa mawe tunapishana nao mjini kila siku. Mimi natengeneza chapati. Chapati iliyokunjwa mara nne, upana wa kidole gumba, inaning'inia sikio la kushoto. La kulia linabeba kikombe cha bati, cheupe, mdomo wa bluu, chai imejaa.

Wanaokuja kujifunza kwangu wengi hudhani hereni ya kuchekesha haihitaji ufundi mkubwa. Mimi naamini inahitaji zaidi. Mkufu wa dhahabu ukipinda kidogo unabaki dhahabu, ila chapati isiyofanana na chapati si kitu. Kila hereni naipima kwa umbali wa salamu: mtu anayenyoosha mkono aitambue kabla hajamaliza kusema "habari za asubuhi". Chapati zangu za mwanzo zilikuwa duara kamili, na watu walisema sarafu, wengine wakasema kifungo. Nilipozikunja tu kama zinavyokunjwa mgahawani, hakuna aliyeuliza tena.

Udongo naupika mwenyewe. Upo ule wa polima unaookwa kwenye oveni kwa nyuzijoto 130 hivi, nao ni mzuri, lakini ni jamii ya plastiki ya PVC. Ukiungua unatoa moshi mbaya, na oveni yangu haishiki joto sawasawa, kwa hiyo siubahatishi. Wangu ni kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya maseremala, kikombe kimoja cha wanga wa mahindi (ule laini wa kufanya supu iwe nzito, si sembe), vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya mtoto na kijiko kimoja cha siki au maji ya limao ili usiote ukungu. Koroga kabla ya kuweka motoni mpaka mabonge yaishe, kisha moto mdogo kabisa na mwiko usisimame. Utaanza kama uji, halafu utakamata na kuachia sufuria kama ugali mlaini. Hapo epua. Ukingoja ukaze kama ugali wa kukata umechelewa, utapasuka ukikauka. Ukande ungali na joto, mikono ikiwa na mafuta, ufunge kwenye nailoni, ulale hadi kesho. Sufuria hiyo isirudi tena kwenye chakula.

Chapati ya hereni naianza kama ya kula: kijikamba chembamba, nakizungusha kama konokono, nakibonyeza, nakisukuma kwa kalamu badala ya mpini. Mistari ya ule mzunguko hubaki kwa mbali, na ndiyo inayolidanganya jicho. Nakunja, natoboa tundu kwa sindano nene, naacha ikauke kivulini. Udongo huu husinyaa, basi tengeneza kubwa kidogo kuliko unavyotaka. Kiangazi siku tatu nne zinatosha. Wakati wa masika nasubiri hata wiki, maana ukiipaka rangi ingali mbichi ndani, itapinda baadaye ikiwa tayari sikioni mwa mtu.

Rangi ya msingi ni nyeupe yenye njano kidogo. Madoa siyapaki kwa brashi, brashi huacha vitone kama vya chui. Nachana kipande cha sponji, nakichovya kwenye kahawia, nakipangusa kwenye gazeti hadi kikaribie kukauka, kisha nagonga taratibu. Itazame chapati yako kesho asubuhi: inaungua pale ilipovimba. Kwa hiyo kahawia ikae mgongoni mwa viuvimbe, mabondeni pabaki papauke, na mkunjo wa ndani usiguswe kabisa. Mwisho vanishi mara mbili, na nyuma pia, na ndani ya tundu, kwa sababu maji ndiyo adui wa udongo huu. Chai ndani ya kikombe ni rangi tu, kisha tone moja nene la vanishi inayong'aa.

Sasa jambo linaloharibu hereni nyingi nzuri: kuangalia pembeni. Umechora chapati safi, mtu akivaa, inatazama bega. Chanzo ni vipete vya kuunganishia hereni na kulabu yake. Shika kulabu kama inavyokaa sikioni, itazame kwa mbele. Kitanzi chake kikionekana duara, tumia kipete kimoja. Kikionekana kama mstari tu, tumia viwili. Kila kipete unachoongeza kinaigeuza hereni robo mzunguko. Na kipete hakifunguliwi kwa kukivuta kushoto na kulia kama mdomo, kitapoteza uduara wake. Shika plaizi mbili, ncha moja ipeleke mbele, nyingine nyuma, na kufunga ni vivyo hivyo mpaka usikie ncha zikikwaruzana.

Uzito wa hereni zangu hauzidi gramu nane kwa sikio, na napima kwa mizani ya jikoni. Kikombe nakiacha wazi nyuma kwa ajili hiyo.

Kulabu zilinifunza kwa uchungu. Nilinunua za bei rahisi kwa jumla, na mteja wangu akarudi siku ya tatu ndewe zimevimba na kutoa maji. Ilikuwa madini ya nikeli. Nilimrudishia hela, nikatupa pakiti yote. Sasa natumia chuma cha pua kisichoshika kutu, ambacho nikeli yake haitoki kirahisi kuingia kwenye ngozi, na sitashusha bei kwa kubadilisha hapo.

Shanga natumia kwa kiasi. Kwa akina mama wa Kimasai rangi na mpangilio husema umri na ndoa, na hereni za mwanamke aliyeolewa sizigeuzi mchezo. Michezo yangu naitafuta jikoni na barabarani.

Namna ya kuvaa? Kitenge chenye maua makubwa kitaimeza chapati. Blauzi ya rangi moja, nywele nyuma, na usivae kidani. Wiki iliyopita nilikuwa Soko Kuu nikichagua nyanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanisogelea shingoni. "Hizo za maji au za kusukuma?"

"Za kusukuma, mama."

"Na chai imeungwa tangawizi?" Wauzaji wenzake wakageuka, na tukakaa pale dakika kumi.

Sasa nina oda ya dada mmoja wa Moshi, anataka ndizi: kushoto mbichi, kulia imeiva. Ya kijani imekwisha. Ya njano amesisitiza niiwekee madoa meusi matatu tu, kwani yakizidi hapo, anasema, hiyo ni ya kupikia pombe ya mbege.