Sitiari: kukisema kitu kwa sura ya kingine

Sitiari ni tamathali ya semi inayokipa kitu kimoja jina au tabia ya kitu kingine moja kwa moja, bila kutumia kama, mithili ya, mfano wa wala sawa na. Ukitia maneno hayo umepata tashbihi. "Juma ana nguvu kama simba" ni tashbihi. "Juma ni simba" ni sitiari. Wanafunzi wengi wa sekondari wanalijua hilo, na mara nyingi somo linaishia hapo hapo: taja, toa mfano, funga daftari.

Kinachosahaulika ni kwamba sitiari haiazimi kitu kizima. Inachukua sifa moja na kuziacha nyingine. Juma hana mkia wala hali nyama mbichi. Msomaji ndiye anayeikamata sifa iliyokusudiwa, na anaikamata kwa yale anayoyajua. Wengi wakisikia simba huwaza ushujaa. Lakini mkoani Lindi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, simba waliua watu wengi vijijini, wakiwemo wakulima waliolala kwenye madungu, vile vibanda vya kulindia shamba, ili nguruwe pori wasimalize mazao. Kwa aliyekulia huko, "Juma ni simba" inaweza kuwa habari ya mtu anayenyemelea usiku. Maneno yale yale, maana mbili.

Kwa hiyo kijana wa Tandahimba, huko Mtwara kwenye mikorosho, anayeandika "moyo wake ni theluji" ameazima asichowahi kukigusa, na mkorosho uko nyuma ya nyumba. Hebu tuutazame. Tofauti na embe, ambalo kokwa yake imefichwa, korosho huning'inia nje ya bibo, lile tunda laini la mkorosho, chini kabisa. Ganda lake lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na wabanguaji wanaijua adha hiyo. Maua nayo yakishikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe ambao wakulima huukinga kwa kupuliza salfa, hukauka kabla ya kuzaa.

Kila sifa hapo inaweza kuzaa sitiari. "Shemeji ni bibo, siri zake zinaning'inia nje." Hiyo inachekesha, na inatosha. "Uchumba wao uliingia ubwiri unga." Msomaji wa Newala ataelewa kwamba uliharibika ungali ua, bila kuongezewa neno. Ninayoipenda zaidi ni hii: "Baba alikuwa korosho mbichi, aliyeutaka utamu wake aliungua vidole kwanza." Humo mna ukali wa baba, mapenzi yake, na gharama ya kumkaribia, na vyote vimetoka kwenye ganda moja.

Kwa mazoezi, anza na tashbihi, kisha ipunguze. Chukua maji ya bahari ya Mikindani, pwani ya Mtwara:

"Furaha yake ilikuwa kama maji yanayokupwa."
"Furaha yake ilikuwa maji yanayokupwa."
"Furaha yake ilikupwa, mashua zikabaki zimelala ubavu kwenye matope."

Sentensi ya tatu haitaji maji kabisa. Kitenzi kimebeba kazi yote, na ndiyo sitiari ambayo wanafunzi wengi hawaitambui kwa sababu wamezoea kutafuta "ni". Tunaitumia kutwa: bei imelala, deni limemmaliza, njaa imebisha hodi (hii ya mwisho ni tashihisi pia, kwa kuwa njaa imepewa mwenendo wa mtu). Nyingine zimechakaa kiasi kwamba hazina picha tena. Tukisema bei ya korosho imepanda mnadani, hakuna anayeona kitu kikikwea. Katika taarifa ya habari hazina ubaya. Katika shairi zinakaa bure.

Jihadhari na kuchanganya picha. "Furaha yake ilikupwa, kisha ikashikwa na ubwiri unga" inamtoa msomaji ufukweni na kumtupa shambani kabla hajakauka miguu. Ukishachagua picha, kaa nayo uone inakokwenda. Kama mashua zimelala ubavu, sentensi inayofuata inaweza kuuliza maji yatajaa lini, au kumwonyesha mtu aliyetumia muda huo huo wa kupwa kuzikalafati nyufa.