Dinosaria kwa watoto wa awali: yanayosemwa Dodoma na ukweli wake

"Dinosaria ni mambo ya Ulaya." Hili linanikera kuliko yote. Yule Giraffatitan, dinosaria wa shingo ndefu anayesimama kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake mita 13.27, mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Wachimbaji walikuwa watu wa kusini, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mwalimu wa awali aanzie hapo.

"Bila midoli ya dukani huwezi kufundisha." Kamba inatosha. Pima mita 13 uwanjani, kimo cha yule wa Berlin, ilaze, kisha watoto walale kando yake, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, wahesabu wametimia wangapi. Kwa uchimbaji, chemsha mifupa ya kuku, isugue, ianike ikauke, ifukie kwenye beseni la mchanga wa korongo, uwape brashi za rangi. Iliyovunjika itupe, ina ncha.

"Walitoweka wote." Ndege ni uzao wa dinosaria, kwa hiyo somo zuri kuliko yote linatembea uani. Lowesha vumbi kidogo, lisawazishe kwa kiganja, mwaga punje za mtama upande wa pili, kuku apite. Ataacha vidole vitatu mbele, vyembamba, kila kimoja na alama ya ukucha, na kidole kifupi nyuma. Dinosaria wengi wala nyama waliacha nyayo za vidole vitatu vilevile. Mtoto akichora unyayo huo kwa kijiti, usimharakishe kwenda kwenye majina marefu; hata watu wazima yanawashinda.

"Waliishi na mababu zetu." Isipokuwa ndege, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, kabla ya binadamu yeyote. Michoro ya miambani Kondoa ina twiga, tembo na watu, dinosaria hayumo.

"Tukichimba milima ya Dodoma tutawapata." Mawe yale makubwa yanayouzunguka mji ni graniti, yaani uji wa moto uliopoa chini ya ardhi, na humo visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, havikai. Ila jirani zetu wa Singida wanacho cha kuonyesha: Mahenge palikuwa na ziwa dogo, na kwenye tope lake lililogeuka mwamba wamepatikana samaki, vyura, hata popo. Wana takriban miaka milioni 46, kwa hiyo walikuja baada ya dinosaria.