Kiatu cha mtumba, bajaji ya hesabu na hisa: tunakokosea

Pale Ngamiani, Tanga, kiatu cha mtumba hakiwekwi mezani hivihivi. Muuzaji anasugua soli kwa mswaki na dawa ya meno mpaka iwe nyeupe, anakijaza magazeti kisikunjamane, kisha anakigeuza alama ya Nike itazame njiani. Siku moja nimekishika kimoja, jamaa wa jirani akanong'ona: "Kaka, hapo Nike wanakula tena."

Hawali. Nike walikula siku kiatu kilipouzwa kipya, na mauzo yakaandikwa kwenye hesabu za mwaka ule. Elfu thelathini yako wanagawana muuzaji, aliyefungua belo na aliyeleta kontena. IST nayo ni hivyohivyo. Toyota waliitengeneza kuanzia 2002 hadi 2016, kwa hiyo utakayoagiza leo kutoka Japani lazima iwe imeshatumika, na hela yako haiongezi kitu kwenye mauzo yao ya magari mapya. Labda ununue spea halisi, na sisi tunajijua.

Kutoka hapo watu hurukia dhana ya pili, kwamba bei ya mtumba haimhusu mwenye kampuni. Hapa ndipo pana utamu. Muulize mwenye bajaji anayempa dereva kwa hesabu. Faida yake si ile hela ya jioni peke yake. Akinunua bajaji milioni 9, akaitumia miaka 2 akitegemea kuiuza milioni 5, chombo kimemla milioni 4. Sasa bei ya bajaji zilizotumika ishuke mpaka milioni 3: kimemla milioni 6, na hesabu ya jioni ni ileile. Wahasibu wanauita uchakavu, na kampuni ya kukodisha magari haisubiri siku ya kuuza ndipo iuandike. Bei zikishuka, inapunguza faida yake sasa hivi.

Hertz, kampuni ya Marekani ya kukodisha magari, yaliwakuta. Mwaka 2021 walitangaza kuagiza magari ya umeme ya Tesla 100,000. Mwaka 2023 Tesla ikapunguza bei za magari mapya mara kadhaa, na nani atatoa hela nyingi kwa kilichotumika wakati kipya kimeshuka? Januari 2024 Hertz wakatangaza kuuza magari ya umeme yapatayo 20,000, na kwa ajili hiyo wakaandika uchakavu wa ziada wa takriban dola milioni 245. Gharama za matengenezo nazo zilichangia. Mwaka 2024 waliufunga kwa hasara ya karibu dola bilioni 2.9. Kwa hiyo anayeshika hisa za kampuni ya kukodisha magari anatazama bei za magari yaliyotumika kama mvuvi anavyotazama upepo.

Vijana wa raba wana yao: "Bei ya walanguzi ikipanda, nunua hisa." Raba ikitoka dukani kwa dola 150 halafu ikauzwa 400 kwenye soko kama StockX, zile 250 ni za mlanguzi. Kampuni inachopata ni dalili kwamba watu wanaitaka, na dalili hiyo inaharibika haraka: ukimwaga raba nyingi sokoni, mauzo yanapendeza kwanza, halafu ulanguzi unakufa na hamu inakufa nao. Rolex ndiyo kichekesho zaidi. Bei za saa zao zilizotumika zikipaa, hakuna hisa ya Rolex ya kununua. Kampuni ni mali ya wakfu wa Hans Wilsdorf.

Na wanaodhani kampuni yenyewe ya mitumba haiwezi kukosa faida? Zitazame mbili za Marekani zinazouza mitumba mtandaoni: The RealReal iliingia soko la hisa mwaka 2019 kwa dola 20 kwa hisa, ThredUp mwaka 2021 kwa dola 14. Zote mbili zilikuja kushuka chini ya dola 2. Anayefungua belo angewaambia sababu bure: kila nguo ni moja tu, lazima uikague, uipige picha na uipangie bei peke yake.

Lakini kosa ninalolisikia zaidi hapa Tanga linahusu saruji yetu. Tanga Cement iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2002, na mtu akinunua hisa zake kupitia dalali anaamini amekichangia kiwanda. Hela imekwenda kwa aliyemuuzia. Hisa ya sokoni nayo ni mtumba; kampuni hupokea pale tu inapotoa hisa mpya, na ndipo bei ya sokoni inapoiamulia itapata kiasi gani. Mwaka 2023 Scancem ya kundi la Heidelberg ilinunua hisa za Tanga Cement zilizokuwa mikononi mwa AfriSam, zaidi ya theluthi mbili ya kampuni nzima. Mabilioni yote yalikwenda kwa AfriSam. Pale kiwandani Pongwe hayakupita.