Dawa ya kichocho hainywewi na njaa

Msimu wa kingatiba, yaani watoto wote kupewa dawa za kichocho na za minyoo bila kupimwa ugonjwa, ukikaribia, ujumbe uleule unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Kesho watoto wanapewa dawa za minyoo shuleni. Msiwape chai, ili dawa ifanye kazi." Wanaousambaza si wazazi peke yao. Wamo na walimu wa afya, yaani haohao watakaoshika kopo la dawa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Linakotoka wazo hili nakujua. Zamani mtu alipewa mafuta ya nyonyo alfajiri, aharishe minyoo tumbo likiwa tupu, na ikaaminika kwamba mnyoo mwenye njaa huibugia dawa. Sasa sikilizeni: minyoo ya kichocho haikai tumboni. Inakaa ndani ya mishipa ya damu. Ile ya kichocho cha tumbo, inayotusumbua sana huku kando ya Ziwa Victoria, hukaa kwenye mishipa ya kuzunguka utumbo; ile ya kichocho cha mkojo, ambayo Unguja na Pemba wanaijua vizuri, hukaa kwenye mishipa ya kibofu. Haiusubiri ugali wa mtoto, inakula damu yake. Kwa hiyo prazikwanteli, ndiyo dawa ya kichocho, lazima ipenye ukuta wa utumbo, iingie kwenye damu na kuikuta minyoo hukohuko, iikakamaze na kuichubua ngozi ili kinga ya mwili iimalize. Chakula huongeza kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu. Mkimnyima mtoto chai, mmempunguzia dawa.

Tena mmemwongezea kero: tumbo kukata, kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa kuuma. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja, ila huwa kali zaidi kwa mwenye minyoo mingi. Na mwenye minyoo mingi mara nyingi ndiye yuleyule aliyetoka nyumbani bila kitu mdomoni.

Albendazoli ya miligramu 400, dawa ya minyoo ya tumbo, haina masharti hayo, maana minyoo yake iko utumboni kweli. Lakini zikitolewa siku moja, fuateni sharti la prazikwanteli.

Utaratibu basi. Msigawe dawa mstarini asubuhi. Uji kwanza, kikombe kizima, kisha foleni. Mtoto avue viatu, visigino na mgongo viguse fimbo ya dozi, ile ya kupimia urefu ili kujua idadi ya vidonge, na nywele zilizosukwa juu zisihesabiwe kuwa urefu. Kuanzia sentimita 94 kidonge 1 cha prazikwanteli, kuanzia 110 kimoja na nusu, 125 viwili, 138 viwili na nusu, 150 vitatu, 160 vinne, 178 vitano. Aliye chini ya 94 fimbo haimhusu. Prazikwanteli imezwe haraka kwa maji. Ikitafunwa ni chungu kiasi cha kumtapisha mtoto. Albendazoli ndiyo ya kutafuna. Walimu huzibadilisha hizi mbili kila mara, halafu lawama anapewa mtengenezaji. Mdogo asiyeweza kumeza apondewe, na anayelia aachwe atulie. Kumbana pua mtoto ili ameze ni kumtafutia kupaliwa, na kupaliwa kunaua. Mwenye homa asubiri apone, mwenye historia ya kifafa aende kituo cha afya kwanza. Anayetapika apelekwe kivulini, mbali na macho ya foleni, la sivyo watatapika kumi kwa kumtazama yeye.

Na wanaovumisha kwamba dawa hizi huharibu kizazi: haziharibu. Tuendelee.

Jambo ambalo vipeperushi havilisemi: prazikwanteli haiui minyoo michanga. Mtoto aliyeambukizwa wiki tatu zilizopita atameza dozi kamili na bado abaki na minyoo, kisha jioni arudi ziwani kuchota maji. Kwa minyoo ya mjeledi, aina mojawapo ya minyoo ya utumboni, dozi moja ya albendazoli huacha mingi hai. Je, kingatiba hupandisha alama darasani? Utafiti wa Busia, Kenya, ulioanza mwaka 1998, ulionyesha utoro umepungua, ila si matokeo ya mitihani, na mapitio yaliyofuata yamebishana nao vikali. Mimi ningeendelea kutoa dawa kwa sababu ya ini na kibofu cha mtoto, vinavyoharibiwa na kichocho. Nafasi ya kwanza darasani nisingemwahidi mzazi yeyote.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni uji. Vidonge vinakuja kwa msaada, uji hauji navyo. Tukitangaza "mje mmekula", mtoto wa nyumba isiyo na kitu anabaki nyumbani kwa aibu, na ndiye tuliyemtaka. Tukikaa kimya, anakuja na njaa. Shule yenye mchango wa chakula isifukuze asiyechanga siku hiyo, na isiyo na mchango ikubaliane na kamati ya shule mapema: debe la mihogo ya kuchemsha linatosha, si lazima wali. Atakayekosa hata hicho, sijapata jibu ninaloliamini. Wenzangu wengine humpa dawa hivyohivyo, wakihofia hatarudi. Mimi humwandika jina, apewe siku ya kuwafuatilia waliokosa, akiwa amekula, nikijua kabisa kwamba wengine hawatokei siku hiyo.